Vidudu kwenye Mahindi ya Mama Atuganile

Bwana shamba wetu hapa kijijini Ruanda hapiti kwenye mahindi bila kupiga goti. Hulishika jani kwa vidole viwili, huligeuza polepole, kisha husogeza kioo chake cha kukuzia mpaka karibu kiguse jicho. Siku ile alikuwa kwa jirani yangu, Mama Atuganile, nami nilikuwa nikimsaidia mama huyo kupalilia. Wiki moja kabla alikuwa amemwita mvivu kwenye mkutano wa kijiji, eti hakuweka mbolea ndiyo maana mahindi yake yana michirizi ya njano. Sasa, nyuma ya jani, aliona kidudu chembamba chenye vitone viwili vyeusi kichwani, kikitembea kiubavu. Alipoligusa jani, kikaruka. Akashuka hadi kijitoni, akapapasa nyasi, vikaruka vingi kama hicho. Alirudi ameinamisha uso.

“Mama, si mbolea. Vidudu hivi vinaishi kwenye zile nyasi, ndivyo vinavyoleta ugonjwa. Nisamehe.”

Mama Atuganile hakuacha kupalilia. “Ulinisema mbele ya watu, baba. Hapa tupo watatu tu.”

Bwana shamba alijipangusa udongo magotini muda mrefu, ingawa ulishatoka. Kisha akaenda barabarani, akawasimamisha wanawake waliokuwa wakitoka kusaga, akavua kofia, akaanza kusema.