Kuki, Kuku na Jicho la Mama

"Nani huyo?"

Ndivyo mama alivyokuwa akinipokea ndani ya nyumba yangu mwenyewe, hapa Isevya, kila nilipoingia chumbani kimya. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na mimi kwake nilikuwa kivuli tu mlangoni. "Ni mimi, mama. Shikamoo." Akishaisikia shikamoo yangu, uso wake unafunguka. "Marahaba, mwanangu. Kumbe ni wewe!" Nikienda jikoni mara moja kuchukua chumvi, nikarudi: "Nani huyo?" Iliniuma, sitasema uongo. Mtu aliyekuzaa akikuuliza wewe ni nani, hata kama unajua sababu, moyo hauelewi sababu.

Alikuja kwa treni kutoka Usoke na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na khanga mbili, maana tulisikia kwamba daktari bingwa wa macho atakuja hospitali moja hapa Tabora, akae kwa muda mfupi, afanye upasuaji, kisha aondoke. Kujiandikisha ni kwenye tovuti. Nilipofungua, nafasi zilikuwa zimejaa zote. Ila mgonjwa akighairi, nafasi yake inajitokeza pale kwenye ukurasa, na anayeiona kwanza ndiye anayeipata. Daktari akishapanda gari kurudi kwao, hakuna aliyejua atakuja tena lini. Mama hakulalamika. Alisema tu kwamba nyimbo za kwaya anazijua kwa kichwa, basi Mungu ni mwema. Mimi nilitaka kulia.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti za maduka na za wauza asali, kwa hiyo nilijiambia: wewe unajua Python, lugha ya kuandikia programu, halafu ukae unabonyezabonyeza ukurasa kutwa nzima kama mtu anayepukuchua mahindi? Nikaandika skripti fupi, programu ndogo ya kunifanyia kazi hiyo. Iingie kwenye akaunti yetu, ifungue ukurasa wa nafasi, itazame, na ikiona pengo inipigie kelele kwenye simu. Kuchukua nafasi ningechukua mwenyewe kwa mkono, kama watu wengine. Mama alinisisitizia hilo. "Usimruke mtu," alisema. "Macho ya wizi hayaoni vizuri."

Nikaiendesha. Ikaandika jina na neno la siri, seva, ile kompyuta inayoendesha tovuti yao, ikakubali. Ikaomba ukurasa wa nafasi, seva ikajibu: Tafadhali ingia kwanza.

"Nimeingia sasa hivi, wewe!" nikafoka.

Mimi nina hasira za karibu, na kompyuta zimezionja mara nyingi. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua maharage kwa vidole, jiwe analijua kwa kuligusa. Akainua kichwa. "Unagombana na nani?"

"Na seva, mama."

"Imekufanya nini?"

"Inanisahau. Naingia, inanikubali vizuri, nikigeuka tu inaniuliza mimi ni nani."

Nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe nilitamani kuyarudisha. Vidole vya mama viliendelea kutembea juu ya ungo, na mimi nikajiona mpumbavu wa kutupwa.

Ili kuifunika aibu ile, nikaanza kumweleza. Nikamwambia seva haina kumbukumbu ya sura. Ukishaingia, inakupa kuki. Wenye Kiswahili cha vitabu wanasema kidakuzi. Ni kitu kidogo tu, neno refu lisilosomeka, unaondoka nacho, na kila ukirudi unakionyesha, nayo inajua ni wewe yuleyule. Kivinjari cha kwenye simu kinafanya hivyo chenyewe bila kuambiwa. Skripti yangu, kwa jinsi nilivyoiandika, ilikuwa inapewa ile kuki na kuiacha palepale mlangoni.

Mama akaacha maharage. "Wamekupa kuku, ukamwacha?"

"Mama..."

"Watu wamekupa kuku wao, umemwacha mlangoni! Halafu unashangaa hawakujui?"

Kwetu hilo si jambo dogo. Tabora imekuzwa na wapita njia tangu enzi za misafara ya kutoka pwani kwenda Ujiji, na kumfungia mgeni kuku wa njiani ni adabu ya kawaida mpaka leo. Ukimwacha huyo kuku, umewaambia wenyeji hutarudi na hutaki kukumbukwa. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. "Kuki, mama! Si kuku. Kuki ni kama... biskuti."

"Biskuti?" Alichukizwa zaidi. "Hospitali nzima, mgeni anafungiwa biskuti?"

Jioni jirani yetu, mama mmoja fundi cherehani wa mjini hapa kwa vizazi, akaniita ukutani. "Eti jirani, hospitali wamekupa kuku ukamkataa? Si ungeniletea mimi nikapika pilau!" Mama alikuwa amekwisha kumsimulia aibu yangu.

Lakini kuku au kuki, dawa ilikuwa ileile. Nilikuwa natuma kila ombi peke yake, kila moja kama mtu mpya. Python ina kitu kinachoitwa Session: ukipitishia maombi yako yote humo, kinapokea kila kuki, kinaitunza kwenye mtungi wake, na kinairudisha chenyewe kila unapobisha hodi. Nikabadilisha mistari michache. Ukurasa wa nafasi ukafunguka. Nikapiga kigelegele, jirani naye akajibu upande wa pili bila hata kujua tunashangilia nini.

Haraka haraka haina baraka. Niliipanga skripti iamke yenyewe kila baada ya muda, na kila ilipoamka ilianza maisha upya, mtungi mtupu, ikaingia tena kwa jina na neno la siri. Siku ya pili tovuti ikaniwekea maandishi mekundu: Umeingia mara nyingi mno, ukiendelea akaunti itafungwa. Hapo hasira zikaniisha, woga ukaingia. Akaunti ikifungwa, hata nafasi ikitokea mbele ya macho yangu siwezi kuichukua. Nilizima kila kitu. Mama aliniuliza mbona kimya, nikamwambia kichwa kinauma, na kweli kilikuwa kinauma.

Asubuhi nikaanza tena, taratibu safari hii. Mtungi wa kuki unaweza kuhifadhiwa kwenye faili, ukafunguliwa safari ijayo. Nikahifadhi. Nikalifungua faili nione: tupu! Kichwa cha habari juu, chini hakuna kitu. Nilisema neno lililomfanya mama anikemee papo hapo. Kisha nikakaa nikasoma maelezo mstari kwa mstari, jambo ambalo ningelifanya mwanzoni yasingenikuta haya. Kumbe kuki nyingine seva huzitoa zikiwa za kikao kimoja tu, hazina tarehe ya kuisha, na mtungi ukihifadhiwa huzitupa kwa heshima, mpaka uuambie usizitupe.

"Ah," nikamwambia mama. "Kuna kuku wa kuchinja leo na kuku wa kufuga."

"Sasa unaongea," akasema. "Na wewe uliambiwa umchinje?"

"Ndiyo, ila mimi nataka kumfuga."

"Fuga. Wakimtaka watamdai."

Nikauambia mtungi ufuge wote. Faili nikalifunga asilisome mwingine, maana mwenye kuki yako anaingia akiwa wewe. Tangu hapo skripti ikawa inaamka, inaonyesha kuki yake, seva inaitambua, inatazama, inaondoka. Kuki ikidaiwa, yaani seva ikiikataa, skripti inaingia mara moja tu na kufuga mpya. Yale maandishi mekundu hayakurudi. Mlio wa simu nikauweka jogoo, kwa heshima ya mama.

Tukasubiri. Kusubiri kunachosha kuliko kulima. Siku za daktari zilikuwa zinakwisha, jogoo kimya, na mama akaanza kukunja khanga zake na kuuliza treni ya Usoke inapita lini. "Bado, mama," nilimwambia kwa ukali, kisha nikamwomba radhi.

Nilikuwa dukani kwa muuza asali mmoja karibu na soko, nimeinama nyuma ya kompyuta yake, jogoo akawika mfukoni. Mwenye duka akaruka. "Dada, una kuku?"

"Ninaye!" nikajibu. Nikafungua ukurasa kwenye simu. Nafasi moja. Nikabonyeza. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, mtandao wetu mnaujua, halafu likatokea jina la mama yangu na siku ya kufika. Nililia pale pale dukani kati ya madumu ya asali, na yule mzee wa watu akanipa kiti na bilauri ya maji.

Walimfanyia jicho moja kwanza. Kesho yake muuguzi aliniambia nisubiri nje wakati wakimfungua bandeji. Nilisimama kwenye korido nikisoma bango la kunawa mikono bila kuelewa neno. Aliponiita niliingia, nikasimama mlangoni. Jibu langu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi kwa mazoea: ni mimi, mama.

Alikuwa akitazama dirishani. Akageuka. Jicho lilikuwa jekundu, linatoa machozi, na lilinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, likarudi juu polepole.

"Na wewe," akasema mama, "unasimama mlangoni kama mgeni. Shikamoo umeiacha wapi?"