Mjomba Ndani ya Kitabu cha Korea

Enzi za Mdachi mwenye neno juu yangu alikuwa mjomba. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na baba, ingawa alinipenda kupita kiasi, katika mambo ya kuniozesha alikuwa mtazamaji tu. Mjomba alikuwa amekwisha kupokea blanketi jekundu la posa kutoka kwa mzee mmoja wa Bigwa, mwenye mbuzi wengi na meno machache. Mimi nilitaka kubaki shule ya misheni, nije kuwa mwalimu.

Sista aliyenifundisha Kijerumani akapanda mlima hadi kijijini kwetu Kinole kunitetea. Mjomba akamsikiliza, kisha akauliza, "Hicho Kijerumani chake kina faida gani? Nikione basi."

Mkobani Sista alikuwa na kitabu kimoja tu, riwaya ya Korea iliyotafsiriwa kwa Kijerumani. Kaka yake, padre huko Korea, ndiye aliyemtumia. Tukakaa uani mchana ule wa Jumapili, watu wanapukuchua maharage, baba akiwemo, Sista akisoma na mimi nikifasiri kwa Kiswahili kilichojaa Kiluguru.

Jamani, furaha niliyokuwa nayo! Nilisikia kichwa chepesi. Watu wa Korea walikuwa wanaongea kwa kinywa changu, na shangazi, mke wa mjomba, akiwaitikia.

Wakataka kujua ni nani aliyeandika. Sista akasema jina lake halijulikani.

"Mwanamume," akasema mjomba. "Mwanamke atapata wapi nafasi ya kuandika yote hayo?"

"Mwanamke," akasema mama. "Kaeleza mchele unavyooshwa, na maji ya pili yakawekwa kando ya kupikia mchuzi. Mwanamume gani anajua habari za maji ya pili?"

Wakabishana mpaka maharage yakasahauliwa. Sista akafungua ukurasa mwingine. Hapo baba wa binti anayesimuliwa humo alisema atamwoza kwa tajiri mzee. Nikasita. Baba kumwoza binti? Wajomba wamekwenda wapi? Kinole nzima ingenisimamisha hapo, na hadithi isingesogea. Bila kufikiri nikasema, "Mjomba wake akasema atamwoza."

Wote wakaitikia kwa vichwa, wameelewa. Nami nikajiona bingwa wa kufasiri.

Ukurasa uliofuata, tajiri alileta zawadi, kofia iliyosukwa kwa manyoya ya mkia wa farasi. Baba wa binti akaivaa hata ndani ya nyumba, akawa anajitazama kwenye maji ya mtungi. Nami nilikwisha sema mjomba, na maji yakimwagika hayazoleki. Nikafasiri hivyo hivyo, mjomba na kofia yake. Macho yote yakaenda kwenye blanketi jekundu, ambalo mjomba alijifunika na jua linawaka. Shangazi akakohoa. Nilitamani kucheka na kukimbia kwa pamoja. Sista, aliyejua vizuri neno mjomba, kidole chake kikasimama kwenye neno baba. Akanitazama, akalitazama blanketi, akaendelea kusoma, kwa kasi zaidi.

Mjomba akasimama.

"Ni mwanamke," akasema. "Tena mwanamke mwenye mjomba. Nani kampelekea habari zangu?"

"Hakuna mtu, mjomba. Korea ni mbali."

"Huyo binti, mwisho wake ni nini?"

Nikageuka kumuuliza Sista. Mjomba akainua mkono.

"Acha. Sitaki kuusikia."

Akalivua blanketi, akalikunja vizuri, akaliweka mapajani kwa mama. "Kalirudisheni Bigwa. Nawe mpwa wangu, rudi shule. Halafu umwandikie huyo mwandishi kwamba mjomba wa Kinole amekataa."

Nilirukaruka uani kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Sista naye akaruka kidogo, kisha akakumbuka yeye ni mtawa.

Jioni baba na mimi tukamsindikiza Sista mpaka chini ya mteremko. Mchana kutwa baba alikuwa ameinamia maharage yake tu. Tulipokuwa tunarudi, wawili tu, akauliza taratibu, "Mwanangu, kwenye kile kitabu, baba yake yule binti alikuwa wapi?"

Kicheko kikanikauka. Maskini, nilikuwa nimemfuta kabisa.

"Alikuwepo, baba," nikasema. "Alikuwa anapukuchua maharage, anamwombea binti yake."

Baba akatembea kidogo. "Basi huyo mwandishi," akasema, "anatujua."