Macho kwenye kibanda cha kupima masikio

Saa mbili asubuhi, Macho anaketi ndani ya kibanda chembamba chenye kuta za sponji, hedifoni masikioni, kitufe mkononi. Nje ya kioo, mpimaji anainamia mashine yake.

"Ukisikia mlio, hata mdogo kama wa mbu, bonyeza," amemwambia. "Usiposikia, tulia."

Macho anabonyeza. Anabonyeza tena. Kijasho kinamtoka.

Jina hilo alipewa na wenzake katika kiwanda cha mbao, ambako kwa miaka kumi na mmoja ameendesha msumeno mkubwa wa kupasulia magogo. Mle ndani kelele ni nyingi, watu husomana midomo na kuashiriana kwa mikono tu. Yeye ndiye hodari wao.

"Huyu ukimsengenya kutoka ng'ambo ya uwanja, anakujibu," anasema mdogo wake wa kiume, aliyesimama nje ya kioo karibu na mpimaji. Kazini yeye hupokea mbao upande wa pili wa msumeno huo huo.

Ndiye aliyemleta hapa. Wiki iliyopita ubao ulinasa mkono wa shati lake, ukaanza kumvuta kwenye meno ya msumeno. Akapiga ukelele, akabonyeza kengele. Macho, dada yake, alikuwa ameinama kuweka sawa gogo, hakuinua uso. Shati lilipochanika ndipo alipopona.

"Nikamwambia, dada, ama ukapimwe, ama nahamia kupakia magari."

Macho alimnunia siku nzima. Sheria ya kiwanda anaijua: asiyesikia kengele hakai kwenye msumeno. Na mshahara wa msumeno, karibu mara mbili ya ule wa kufagia unga wa mbao, unalisha watu watano nyumbani.

Mlango wa kibanda unafunguliwa.

"Mama, unasikia vizuri mno," anasema mpimaji. "Hiyo milio ya mwisho sikuituma. Nilikuwa nainua bega tu."

Mdogo wake anaangalia viatu vyake.

"Mwanzo yalikuwa mazoea, daktari," anasema Macho polepole. "Kazini bega la mtu likicheza, najua anataka nini. Baadaye niliogopa."

Mpimaji hamgombezi. Anataja maneno, Macho anayarudia yote bila kukosea. Kisha anafunika mdomo kwa karatasi na kuendelea kwa sauti ile ile. Macho anaitazama karatasi. Harudii hata moja.

"Nimeyamulika masikio, hayana nta wala uvimbe," anasema mpimaji. "Inaelekea ni kelele ya msumeno iliyoyaharibu. Imekula kiasi gani, na kama kifaa cha kusikia kitakufaa, siwezi kujua ukiniangalia."

"Dada, hata ukipewa ufagio sitakucheka," anasema mdogo wake.

"Utacheka."

"Kidogo."

Macho anasema atamwomba msimamizi afunge taa nyekundu chini ya meza ya msumeno, iwake pamoja na kengele, aione hata akiwa ameinama. Mpaka ifungwe, hataigusa swichi ya msumeno.

"Na akikataa?"

"Nitafagia. Ufagio hauna meno."

Anasimama, anakigeuza kiti mwenyewe kuelekea ukutani, anavaa tena hedifoni.

"Nataka nijue masikio haya yamebakiza nini," anasema. "Funga mlango."

Mlango unafungwa. Safari hii kidole chake hakibonyezi ovyo. Kinasubiri.