Kocha Aliyekuja Kuposa

Kabla sijahamia Brussels sikujua kwamba mtu anaweza kumchukia kocha ambaye hajawahi kumwona, wa chuo ambacho hawezi kukionyesha kwenye ramani, katika mchezo ambao yeye mwenyewe hajaucheza hata siku moja. Sasa najua. Nimeoa kwao.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Mke wangu ni wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, na ana mgahawa kwenye kichochoro kinachotokea barabara ya Chaussée d'Ixelles. Anauza sombe, yaani kisamvu, samaki wa kukaanga na ugali. Siku za kazi mimi huwaogesha na kuwageuza wagonjwa katika hospitali moja kule Woluwe. Jumapili nakuwa mume wa mwenye mgahawa, yaani napanga viti, na viti vyenyewe ni vya makocha.

Makocha ndilo jina nililowapa wazee waliokuja pale kutazama mpira wa kikapu, na hawakulikataa. Mkubwa wao alikuwa mzee mmoja wa Bukavu ambaye sote tulimwita Papa. Familia za Kivu hapa mjini zilimtumia kama msemaji: palipo na posa, msiba au ugomvi wa ndoa, yeye ndiye husimama kuongea, na akishasimama kumkalisha ni kazi. Msaidizi wake alikuwa fundi cherehani Mrundi, Mwislamu wa Bujumbura, mpole, mwenye kauli chache. Wengine walikuja na kuondoka, lakini hao wawili hawakukosa hata theluji ilipoanguka.

Timu waliyoipenda ni ya wasichana wa chuo kimoja cha Marekani, mpira wa kikapu. Mapenzi hayo yalikuwa na sababu. Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, ana binti mmoja tu. Binti huyo ni mrefu kiasi kwamba akiingia mgahawani anainamia taa, na alikuwa akichezea klabu ya hapa mjini. Siku moja chuo kile kikamwandikia kwamba kinamtazama: akimaliza sekondari huenda kikamchukua, asome bure na awachezee. Tangu siku hiyo timu ikawa yetu, na makosa ya kocha wake yakawa makosa ya mtu wa nyumbani.

Mechi huchezwa wakati sisi tumelala, kwa hiyo tulikuwa tukitazama marudio Jumapili baada ya misa. Sheria ilikuwa moja: asiyejua matokeo asiambiwe. Fundi aliamka kwa swala ya alfajiri na kufungua simu, hivyo alijua siku zote, naye hakusema. Alikaa tu akitikisa kichwa kwa huzuni wakati timu yetu inaongoza.

"Bon, mi nasema, ile coach haiko coach," Papa alikuwa akianza kabla ya kuvua koti. "Anaweka batoto kwa zone, kila mutu analinda eneo yake, tangu mwanzo mpaka mwisho. Bengine banatupa ya mbali, trois points, trois points, ye amefunga mikono tu!"

"Papa, tatizo si zone," fundi alikuwa akijibu. "Tatizo ni recrutement, anavyochagua wachezaji. Katikati hana mtu mrefu. Ukisonga ugali bila unga, utaulaumu mwiko?"

"Batanyamaza siku mutoto yangu atafika kule," shemeji alikuwa akisema, akiweka samaki mezani.

Mchezaji pekee katika chumba kile, binti mwenyewe, alikuwa meza ya pili na vitabu vyake vya shule. Hakuna aliyemuuliza. Mara moja tu alijitolea kueleza kwamba kocha anatumia zone kwa sababu wasichana wake wawili wana magoti mabovu, hawawezi kukimbizana na mtu. Papa akamgeukia kwa upole wote. "Mutoto, bakubwa banaongea." Akarudi kwenye hesabu zake.

Kisha habari ikaja kwamba kocha msaidizi wa chuo kile anapita Ulaya na angependa kuonana na familia. Mtu mwingine angefagia sebule na kununua juisi. Sisi tuliita kikao.

Katika kikao hicho Papa alitoa hoja ambayo mpaka leo sijapata jibu lake. Mgeni anakuja kumwomba binti, amtoe kwao, ampeleke mbali, na huko binti abebe jina la watu wengine mgongoni. Hilo ni jambo gani kama si posa? Na kama ni posa, lina utaratibu wake. Watu wa binti hawaonyeshi njaa. Siku ya kwanza husikiliza tu, na jibu ni "rudini." Anayetaka kweli atarudi. Asiyerudi, afadhali umemjua mapema.

Nikasema Wamarekani hawana utaratibu huo. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikapewa kazi ya kutafsiri, kwa kuwa kati ya wakubwa mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza, na nikaambiwa mkalimani haongezi neno wala hapunguzi.

Kocha akaja Jumapili mchana. Alikuwa mwanamke kijana, raba miguuni, koti la timu, mkononi mfuko wa fulana na kofia. Ndani alitukuta sote tumevaa suti. Viti vilikuwa vimepangwa safu mbili zinazotazamana, upande wetu umejaa na upande wake mtupu, maana posa haiji na mtu mmoja. Papa alinong'ona kwa mshangao, "Alors, bamemutuma mwanamuke? Tena peke yake?" Ndipo fundi, kwa huruma aliyoumbwa nayo, akainuka, akavuka, akakaa karibu na yule kocha. Mtu haachwi aende kuposa bila ndugu. Tangu dakika ile Mrundi wetu akawa ukoo mzima wa Wamarekani.

"Tumepita njiani," fundi akasema kwa niaba yao, "tukaona ua zuri katika bustani yenu."

"Ua gani?" Papa akauliza. "Hapa iko maua mingi."

Nilitafsiri kama nilivyoagizwa. Kocha akatazama meza, akatazama dirisha, halafu akasema kwamba alivutiwa sana na mkono wa kushoto wa yule binti.

Binti akaitwa. Tangu asubuhi mama yake na mke wangu walikuwa wamemfungia jikoni wakimfunda: avae kitenge, aingie polepole, asimtazame mgeni usoni, asifungue mdomo. Msichana anayerukia jibu, walimwambia, huyo amewachoka wazazi wake. Akaja, akainamia taa, akaketi. Kocha akamwelekea yeye mwenyewe, bila kupitia kwangu wala kwa Papa, akamuuliza kwa Kiingereza chepesi, "Je, wewe unataka kuja kwetu?"

Binti akainamisha macho hadi sakafuni, akavuta ncha ya kitenge.

Chumba kizima kikashusha pumzi. Sijawahi kuona "ndiyo" safi kuliko ile. Mke wangu alijibana midomo kuzuia vigelegele, maana havipigwi siku ya kwanza. Kocha akarudia swali, sauti chini zaidi. Binti naye akainama zaidi. Shemeji alikuwa akifuta machozi kwa fahari.

Papa akasimama. "Bon. Tumesikia. Mutoto haiko nyanya ya ku soko. Uende kwenu, wambie bakubwa yako, murudie."

Tafsiri yangu ilikuwa sahihi, na hiyo ndiyo ilikuwa balaa. Kocha alisema ameelewa. Akauliza kama kuna lolote kuhusu masomo ambalo tungependa kujua, akaambiwa hayo ni ya siku nyingine. Akafungiwa sombe na samaki, akashukuru, akaondoka. Fundi alimsindikiza hadi kituo cha metro cha Porte de Namur kama mtu aliyetoka naye kijiji kimoja.

Wiki zikapita bila neno, na ukimya ule ulitufurahisha. "Banatafuta bakubwa," Papa alieleza. "Kule njia ni murefu." Wakati huohuo mjadala wa timu ukapamba moto, kwa sababu sasa walikuwa wakiipanga na binti ndani yake. Papa alimweka katikati. Fundi alitaka aanzie pembeni, azoee. Walikosana kwa ajili hiyo hadi fundi akakaa Jumapili moja nzima bila kumsalimu. Msimu mpya ulikuwa bado, na tayari walikuwa wamechukua ubingwa.

Ujumbe uliingia kwenye simu ya binti tukiwa mezani. Akausoma kwa sauti, nami nikatafsiri. Kocha alishukuru kwa ukarimu na chakula. Aliona kwamba familia haiko tayari, na kwamba binti mwenyewe hakuonyesha kutaka, naye hapendi kumsukuma mtu. Nafasi ameipata msichana wa Australia. Alimtakia kila la heri.

Papa akatoa simu yake, akapekua, akamtafuta huyo msichana kwenye video.

"Lakini ile haina mukono ya kushoto hata kidogo," akasema.

"Nilitaka kwenda," binti akasema. "Mulinifundisha kunyamaza, nikanyamaza." Akachukua begi lake la mazoezi, akatoka, akapanda basi la kwanza lililosimama. Halikuwa hata la kwenda kwao.

Nilikasirika, sifichi. Niliwaambia kwamba mtoto amepoteza chuo kwa sababu ya wazee waliotaka kubembelezwa. Niliwaambia wanaweza kumfundisha kocha wa Marekani kazi yake lakini hawawezi kumuuliza binti wao swali moja. Papa, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakusimama. Aliyejibu ni shemeji, na hakupandisha sauti.

"Weye hauelewe, shemeji. Tangu tulitoka kwetu, ni siye tunaombaka. Kwa camp tuliomba unga, hapa tuliomba papiers ya kukaa, tuliomba nyumba, tuliomba kazi. Hakuna muntu alishakuya kutuomba kitu. Ule ni wa kwanza. Nilitaka aombe mara mbili."

Nilikaa. Kigoma nilizaliwa upande ambao wakimbizi kama wao walikuja kuomba, na haikuwahi kunijia akilini kwamba mtu anaweza kuchoka kuomba namna hiyo.

Binti hakuwa na muda wa kusikitika pamoja nasi. Aliandikia vyuo vingine mwenyewe, akatuma video zake, na hakumwambia mtu. Kikajibu kimoja, kidogo, kwenye nyanda za mashamba ya mahindi, ambacho fundi alikichunguza baadaye na kuja na uso wa msiba: timu yake ilikuwa karibu na mkia, mwaka hadi mwaka. Kocha mkuu alitaka kuongea naye kwa video, Jumapili, saa za mchana kwetu. Binti akachagua mgahawa, akatuwekea masharti. Makocha wote jikoni. Mimi nibaki, lakini mdomo nifunge mpaka nitakapoitwa.

Basi wakasongamana jikoni na suti zao, kati ya sufuria ya sombe na friji, mlango ukaachwa wazi upana wa sikio la Papa. Kwenye simu akatokea mzee mwenye kofia ya timu, anakohoakohoa, anaongea kama mkulima. Alimuuliza binti maswali machache ya shule, machache ya magoti. Halafu akauliza kama anataka kuja.

"Ndiyo," binti akasema kwa Kiingereza, akimkazia macho. "Nataka. Lakini lazima umwombe mama yangu. Umwombe vizuri."

Mzee akafikiri kidogo, akavua kofia. Kichwa chake kilikuwa na upara mwekundu. Binti akaniashiria nikamwite mama yake, naye akatoka jikoni akifuta mikono kwenye khanga, akasimama mbele ya simu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Mama," mzee akasema, "nimekuja kukuomba binti yako. Nitamtunza."

Nilivuta pumzi nianze kutafsiri. Shemeji hajui Kiingereza hata cha kuombea maji.

"Oui," akasema. Ndiyo.

Jikoni sufuria ikaanguka. "Maman!" Papa alipiga kelele. "Ya kwanza unakatala! Ya kwanza unakatala!"

"Katala weye," shemeji akasema bila kugeuka.

Kule kwenye mahindi, mzee akauliza yule bwana amesema nini. Nikamwambia anauliza kama timu yako inacheza zone. Akasema ndiyo, tangu mwanzo mpaka mwisho. Nikasikia Papa akimuuliza fundi, kocha amejibu nini, lakini sikuwa na nafasi ya kutafsiri, maana shemeji alikuwa bado amesimama pale mbele ya simu, machozi yanamtoka, akirudia oui, oui, ingawa hakuna aliyekuwa akimuuliza tena.