Wati Sitini na Nane Ukutani

Mimi kukaa kitako siwezi. Hata shuleni walimu wenzangu hunitania kwamba nafundisha fizikia kwa miguu. Basi fikiria hali yangu mama aliporudi kutoka hospitali na mashine ya oksijeni, tukaambiwa isizimwe, maana mapafu yake peke yake hayamtoshi tena. Tukaiweka kando ya kitanda chake, nyumbani kwetu Gisenyi. Wiki ya kwanza ikatulia. Ya pili mashine ikaanza kulia.

Ni mlio mwembamba, pamoja na taa nyekundu: maana yake umeme hauitoshi mashine yenyewe. Ikilia, pumzi ya mama inakatika, midomo inabadilika rangi, na mimi natoka uani, narudi, natoka tena, nakodolea macho nyaya za barabarani. Nililaumu mtaa mzima. Nikamlaumu jirani anayechomelea mageti, nikalaumu hata mvua za huko milimani Mudende. Shemeji yangu, mke wa kaka, mtu wa ziwani anayeuza dagaa wa sambaza asubuhi na kumuuguza mama kutwa nzima, akachoka nami.

"Shemeji, kaa kwanza," aliniambia. "Kutembea yako haiwezi leta courant ya umeme."

Mama naye alikuwa na lake. Siku moja tukiwa wawili tu alinishika mkono akasema, "Mwanangu, mu rukuta harimo umuriro." Ukutani kuna umuriro. Sasa, kwa Kinyarwanda umuriro ni moto, na umuriro huohuo ndio umeme; ukikatika, kila mtu hapa husema umuriro umekwenda. Nikacheka. Nikamwambia ndiyo mama, umo, nyaya zimepita humo, ndiyo maana taa inawaka. Kesho yake, tena tukiwa wawili, akarudia maneno yaleyale, akaomba kitanda kisogezwe. Nikasema moyoni, uzee huo. Mungu anisamehe, nilimjibu kama ninavyowajibu wanafunzi waliolala darasani.

Jumamosi moja mashine ililia mara tatu kabla ya chai. Roho ilikuwa mkononi. Nikakimbia shuleni nikaazima mita mbili za maabara, moja ya kupima volti, nyingine ya koleo, ile inayoubana waya na kusoma ampea.

Kwenye kisanduku cha umeme, pale mlangoni, nilipata volti mia mbili ishirini na nane. Kumbe mtaa hauna kosa! Kwenye soketi ya mama, mashine ikiwa inafanya kazi, nikapata mia moja tisini na nne tu, na ampea mbili. Nikachukua bahasha ya dawa nikaandika. Volti thelathini na nne zimepotea njiani. Gawanya kwa ampea mbili, unapata ukinzani wa omu kumi na saba. Aa, wapi! Waya wa urefu ule haufiki hata omu moja. Mwanafunzi akiniletea jibu kama hilo namrudisha akahesabu upya, basi nikahesabu upya. Kumi na saba.

Nikaenda kwenye nguvu. Volti thelathini na nne mara ampea mbili, wati sitini na nane. Hapo kalamu ilisimama. Nguvu haipotei hivihivi. Isipofika kwenye mashine, imegeuka joto mahali fulani. Wati sitini na nane zinapita zile balbu za zamani za wati sitini ambazo ukiigusa inayowaka unaacha ngozi. Nikapeleka kiganja ukutani, nyuma ya mto wa mama. Nikakiondoa upesi.

Alikuwa akiniambia kuna moto. Moto wenyewe, wa kuunguza. Na mimi mtu mzima na chaki yangu nikamsomesha habari za umeme.

Shemeji alileta waya wa kuunganisha kutoka sebuleni, ambako nyaya zake ni nyingine, tukaichomeka mashine huko. Ikatulia palepale. Tukasogeza kitanda, nikazima laini ya chumba, nikaanza kuchimba lipu kwa tindo na nyundo. Chini ya lipu nilikuta maungio yasiyo na kisanduku wala skrubu: waya wa shaba umesokotwa na wa alumini, na utepe uliozungushwa juu yake umeyeyuka ukawa mweusi kama lami. Shaba na alumini hazipatani namna hiyo. Maungio hulegea, yakilegea yanapata joto, yakipata joto yanalegea zaidi. Somo hilo nalifundisha kila mwaka, lakini ndiyo hivyo, mganga hajigangi.

Shemeji akaguna, akauliza ni fundi gani huyo, mutu wa kufungwa kabisa. Nilitamani kunyamaza. Wakati najenga chumba kile shaba ilinipungukia zikibaki hatua tatu tu kufika kwenye soketi. Ningengoja kesho nikanunue nyingine, lakini mimi na kungoja wapi na wapi. Nikaokota kipande cha alumini, nikasokota, nikapiga lipu.

"Ni mimi, mama," nikasema. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

Mama akavuta pumzi mbili tatu za mashine kabla ya kujibu.

"Nilijua," akasema. "Ndiyo maana nilikuwa nakuambia wewe peke yako."