Muuza Tofu na Mgeni wa Mia

Muuza tofu, ile jibini laini ya soya, wa mtaa wetu hapa Osaka amerudia kutengeneza tovuti, kazi aliyoiacha ujanani, na ameapa kuandika kila mstari mwenyewe, bila kuazima kiolezo cha mtu. Kila akimaliza kumhudumia mteja, anafuta kidole kwenye aproni, anafungua ukurasa wake kwenye simu na kuchungulia idadi ya wageni, inayopanda kila ukurasa unapofunguliwa. Ameahidi kwamba mgeni wa mia, kama tulivyozoea enzi za tovuti za kwanza, ataandika salamu ukurasani na kupewa tofu. Jana nilimkuta ameganda, macho kwenye simu.

"Mia imefika?"

"Imefika."

"Nani huyo mwenye bahati?"

Mkewe akaangua kicheko. "Si huyu huyu! Karibu wageni wote ni kidole chake."

Mzee akajikohoza, akaandika salamu, akajipongeza, akainama mbele ya kioo cha ukutani na kujikabidhi tofu kwa mikono miwili.

"Karibu tena," akajiambia.