Hatulii Mshika Mwendo

Jina lake lote ni Hatulii binti Mwashi, mjukuu wa Mkunga, mke wa Kinyozi. Mwashi ndiye aliyejenga ukuta wa shule yetu, na mvua zote hizi ukuta ule umezicheka. Mkunga alizalisha nusu ya mtaa. Nusu iliyobaki alizalisha mama zao. Kinyozi sina la kumsifia, ila mkewe anamstahi. Mimi ni dada yake mkubwa, nilimbeba mgongoni, kwa hiyo ninayoyaandika sikuhadithiwa.

Alianza kututoroka kabla hajajua kusema. Umemweka mkekani, ukigeuka, mkeka mtupu. Shuleni mwalimu alimkalisha karibu na mlango, ili akitoka asiwakanyage wenzake. Alipoajiriwa udobi hospitalini tukasema sasa kapata kazi ya saizi yake: mashine zinazunguka, naye anazunguka. Shuka bado zimo majini, yeye keshasimama kambani na vibanio mdomoni. Kiguu na njia, na njia yenyewe imemchoka.

Mtu huyo ndiye aliyepewa bendera.

Kila mwaka mjini kwetu kuna mbio za nusu marathoni, kilomita ishirini na moja. Waandaaji huweka washika mwendo: mtu anafungwa kibendera mgongoni, anakwenda mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, haongezi wala hapunguzi, na wenye mwendo kama wake wanamfuata. Bendera ya mwisho kabisa, ile ya kufika kabla lango la kumalizia halijafungwa, haikuwa na mwenyewe. Wenye mbio zao hawaitaki. Hatulii aliinua mkono kabla swali halijaisha.

Aliuinua kwa ajili ya Bibi Pasi, mpiga pasi wa pale pale udobini, mnene wa mwili na wa maneno. Mwaka uliotangulia gari la kuzoa waliochelewa lilimpakia, likampitisha taratibu mbele ya mkwewe, mume wa binti yake, aliyekuja kumshangilia. Mama mkwe yuko juu kama gunia la viazi, na mkwe hajui macho ayapeleke wapi.

"Nikipanda lile gari tena," Bibi Pasi akasema, "wajukuu waletwe kwangu. Mimi kwa binti yangu sikanyagi."

"Shoga, mwaka huu unavuka lango kwa miguu yako. Naapa."

Sisi kwetu kiapo si salamu.

Mwendo waliupata kwa umbea. Jioni baada ya zamu madobi wote walitoka pamoja, Bibi Pasi akisimulia. Akisema bila kukatika pumzi, mwendo ni sawa. Akinyamaza, mmezidisha. Lakini Hatulii miguu ikimnogea, masikio huyasahau.

"Wewe! Umeacha sufuria motoni?" Bibi Pasi humpigia kelele huko nyuma.

Nami nilijaribu kumwonya. "Mdogo wangu, haraka haraka..."

"Usimalizie, dada. Methali hiyo katunga mwenye gari."

Siku ya mbio nilipangiwa meza ya maji kwenye lango la hospitali, ambapo njia hupita kwenda na kurudi. Nilifika kabla ya maji. Nikapanga vikombe, nikavipangua, nikavipanga tena. Wakapita wenye kupaa, wakapita wenye kukimbia, zikapita bendera zote. Ya mdogo wangu, wapi! Barabara ikabaki nyeupe.

Walipotokeza nilishindwa kujizuia. "Mlikuwa wapi nyie?"

"Nguo, dada! Nguo!"

Kumbe wakimbiaji huanza na masweta makuukuu kwa ajili ya baridi ya alfajiri, wakipata joto wanayatupa barabarani. Watu wengine huruka wakapita. Dobi haruki nguo. Hilo hufundishwa siku ya kwanza ya kazi. Basi madobi wetu waliinama, wakaokota, wakakung'uta, wakakunja, wakapanga juu ya ukuta wa watu, mikono na mikono, kola na kola. Bendera imesimama inawangoja, naye mwenye bendera ndiye anayekunja kwa kasi kuliko wote.

Sasa Hatulii alitaka kuufidia muda wote ule kwa mara moja. Alinipita shingo mbele. Nikamtazama Bibi Pasi: kafumba mdomo.

Waliporudi walikuwa wametawanyika kama kuku. Hatulii anakwenda mbele, anarudi kuwafuata, anakwenda tena. Bibi Pasi mkia, mkono kiunoni, na lile gari nyuma yake linanguruma. Dereva kachungulia dirishani.

"Mama, panda tu. Kiti kipo."

"Kilalie, mwanangu."

Hatulii alisimama mezani kwangu, maji yakimmwagikia kifuani kwa haraka ya kunywa. "Dada, nisipokimbia hatufiki. Nikikimbia anabaki."

"Mbona hasemi?"

"Nani?"

"Bibi Pasi. Tangu mlipopita kwenda sijamsikia."

Hatulii akafungua bendera mgongoni mwake, akamfunga Bibi Pasi aliyekuwa ndiyo kwanza anafika.

"Tangulia wewe."

"Mimi? Wa mwisho?"

"Sema ile habari ya mpishi wa wodini na yule mgonjwa aliyekataa kupona. Tutafuata maneno. Asiyesikia kapotea."

Bibi Pasi akanywa, akafuta mdomo. "Basi yule mpishi, mnamjua alivyo..." Akaondoka, na madobi wakarundikana nyuma yake. Hatulii alishika pindo la fulana ya mwenzake kwa mikono miwili, asije akampita. Usoni utadhani anang'olewa jino.

Meza niliwaachia wenzangu. Nilikatiza nyuma ya mochwari hadi lango la kumalizia, nikakuta mlinzi keshashika kamba ya kulifunga, na mkwe wa Bibi Pasi kasimama anatafuna ukucha. Tulisikia sauti kabla ya kuona mtu. Mwendo ule ule, neno kwa neno, na nyuma ya madobi kundi la watu nisiowajua, waliokuwa wamekata tamaa njiani.

"Ehe, mama, mgonjwa akajibuje?" mmoja wao akauliza.

Mlinzi naye akategea sikio, kamba mkononi, hata walipopita wote.

"Shikamoo, mama!" Mkwe alikuwa karibu kulia.

"Marahaba, baba. Ngoja kwanza nimalizie."

Alimalizia akiwa ndani ya lango, watu wakacheka hadi wakakaa chini. Hatulii hakukaa. Alikuwa anatuzunguka, mara huku mara kule. Bibi Pasi akafungua bendera, akamnyooshea. Mdogo wangu akairudisha mgongoni mwa Bibi Pasi, akaikaza fundo.

"Kaa nayo. Jumatatu baada ya zamu unatutoa wewe. Na utafute habari nyingine, ndefu. Hii imeisha."